Kabla ya Simba wa Vita, Palikuwa na Muhogo Mchungu

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



Jumamosi iliyopita, jioni, mama mmoja jirani yangu alibisha hodi. Alikuwa amemshika mkono kijana wake, mwanafunzi wa kidato cha pili. "Shikamoo mzee," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akaendelea: "Nimekuletea mjukuu wako huyu umseme, maana mimi nimeshindwa. Namsomesha kwa kuuza maandazi na karanga, leo ananiambia anataka kuwa mwigizaji. Mwigizaji, mzee! Amepewa nafasi katika mchezo wa shule, basi daftari hazifunguliwi tena. Mwambie kuwa huo ni uhuni. Hakuna mtu wa maana aliyetoka huko."

Kijana alikuwa anatazama chini. Niliwakaribisha ndani, wakaketi. Nikamwambia mama yule: "Kumsema nitamsema, maana daftari lazima zifunguliwe. Lakini hilo la kwamba hakuna mtu wa maana aliyetoka huko siwezi kumwambia, kwa sababu si kweli. Waziri Mkuu wa pili wa nchi yetu alikuwa mwigizaji wa sinema, tena alisoma hapa hapa Tabora."

Mama alinitazama kama mtu anayetaniwa. Mazungumzo yetu yakawa marefu mpaka taa zikawashwa, na hayo ndiyo ninayotaka kukueleza leo, ndugu msikilizaji.

Mtu ninayemzungumzia ni Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi wetu tunamjua kwa jina la Simba wa Vita. Tunamjua kama Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Waziri wa Ulinzi, Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi. Tunamjua kama mtu aliyesimama karibu na Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi bila kutaka kivuli chake kiwe kirefu kuliko cha Mwalimu. Wachache ndio wanaojua kwamba, kabla ya hayo yote, alikuwa nyota wa filamu za Kiswahili.

Alizaliwa tarehe 27 Mei, 1926 huko Songea, kusini kabisa mwa nchi. Baba yake, Mzee Mfaume Kawawa, alikuwa mwindaji wa tembo. Kijana alisoma kusini, akasoma Dar es Salaam, na hatimaye akaletwa Tabora katika shule ya serikali ya wavulana. Sisi wa Tabora tunajua shule hiyo ilikuwa ya namna gani. Ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, na baadaye ikawapokea vijana hodari kutoka kila pembe ya Tanganyika. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipita hapo kati ya mwaka 1937 na 1942. Ukifikiri kidogo utaona ajabu yake. Mji huu ulikua kwa misafara ya pembe za ndovu iliyopita hapa kati ya Ujiji na Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliozibeba mabegani. Miaka ikapita, na mtoto wa mwindaji wa tembo akaja mji huo huo kubeba vitabu.

Alipomaliza masomo ya Tabora hakwenda Makerere. Aliingia kazini serikalini, kwanza kama karani katika idara ya kazi za ujenzi, kisha katika idara ya maendeleo ya jamii. Idara hii ya pili ndiyo iliyokuwa na kazi ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, na kuwaletea wananchi mafunzo ya afya, kilimo na maisha ya mjini. Chombo kimojawapo walichokitumia kilikuwa gari la sinema.

Vijana wa leo wenye sinema katika simu zao huenda wasielewe gari la sinema lilikuwa kitu gani. Nikiwa mtoto nililikuta mimi mwenyewe. Lilikuja na vumbi lake saa za jioni, na kipaza sauti kikitangaza mitaa yote. Shuka jeupe lilitundikwa kati ya nguzo mbili, jenereta ikaunguruma pembeni, na giza lilipoingia watu walikuwa wameshajaa. Watoto tuliketi mbele chini, wazee kwenye viti walivyotoka navyo nyumbani. Waliokosa nafasi walizunguka nyuma ya shuka, wakatazama picha ile ile ila maandishi yake yamegeuka kinyume, na wala hawakujali. Kabla ya filamu kuanza, na wakati wa kubadilisha tepu, mtu mmoja alisimama na kipaza sauti kueleza, kuuliza na kujibu, wakati mwingine kutania. Kazi ya mtu huyo ilikuwa ngumu. Alitakiwa kuwafanya watu elfu moja wasiojuana wanyamaze pamoja na wacheke pamoja. Kijana Rashidi Kawawa alifanya kazi katika msafara wa namna hiyo.

Sasa tujiulize: filamu zenyewe zilitoka wapi? Kwa miaka mingi zilitoka nje. Palikuwa na jaribio la zamani kule Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ambapo Waingereza walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika. Lakini watengenezaji wa filamu hizo na nyingine zilizofuata walikuwa na dhana moja mbaya. Waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, kwa hiyo lazima atengenezewe ya polepole na nyepesi, kama uji wa mgonjwa. Watazamaji kwa upande wao walikuwa wakienda kwenye majumba ya sinema mijini na kufuata visa vya wapanda farasi wa Marekani na nyimbo za Wahindi bila shida yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ikajaribu njia nyingine. Ilikubaliana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, Afrika Kusini, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1915, itengeneze filamu za hadithi hapa hapa Tanganyika, kwa Kiswahili, na waigizaji wawe wananchi. Hapo ndipo Kawawa alipoonekana kwenye shuka jeupe badala ya kusimama kando yake. Aliigiza kama mhusika mkuu katika filamu ya Muhogo Mchungu, iliyotoka mwaka 1952. Alikuwamo pia katika Chalo Amerudi na katika Meli Inakwenda. Hizi zilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza za hadithi kutengenezwa Tanganyika kwa lugha yetu.

Jina la Muhogo Mchungu halihitaji kufasiriwa kwa mtu wa Tabora. Sisi tunaokula ugali wa muhogo tunajua kwamba kuna muhogo mtamu unaoweza kuutafuna mbichi shambani, na kuna ule mchungu ambao kwa macho hauna tofauti kubwa na mwenzake. Usipouloweka na kuuanika vizuri, unakudhuru. Katika filamu hiyo Kawawa aliigiza mtu wa shamba anayefika mjini na kujikuta amezidiwa na ujanja wa mjini. Watu walimcheka, lakini kwa kicheko cha mtu anayejiona mwenyewe. Nani kati yetu hakuwahi kushuka kituoni Dar es Salaam na mzigo wake, akamwamini mtu wa kwanza aliyemwita ndugu?

Lakini ndugu msikilizaji, tusiwe wepesi. Filamu zile hazikutengenezwa ili kuwafurahisha watu bure. Serikali ya kikoloni ilikuwa na wasiwasi na vijana waliokuwa wakimiminika mijini. Ilitaka wabaki vijijini walime pamba, kahawa na tumbaku. Mijini waliogopwa kwa sababu huko ndiko watu walikolinganisha mishahara, walikosoma magazeti, na walikoanza kuuliza maswali. Kwa hiyo ndani ya kicheko cha Muhogo Mchungu palikuwa na onyo: mji si wako, rudi kwenu.

Aliyeigiza onyo hilo hakulifuata. Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa kizuri.

Mwaka 1953 Kawawa alirudi upande wetu wa magharibi. Alipelekwa Urambo, kwenye njia ya reli ya Kigoma, kuwahudumia Wakikuyu waliokuwa wamezuiliwa kambini kwa sababu ya vita vya Mau Mau kule Kenya. Hebu mfikirie kijana wa miaka 27, mtumishi wa serikali, akiwa katikati ya watu ambao kosa lao machoni pa serikali hiyo hiyo lilikuwa kushukiwa kuitaka ardhi yao. Mtu hatoki mahali kama hapo vile vile alivyoingia.

Wakati huo huo alikuwa tayari ameingia katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali, akapanda hadi kuwa rais wake. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vilipoungana na kuunda Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, yeye akachaguliwa kuwa Katibu Mkuu. Siku hizo mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na chama cha siasa. Mwaka 1956 akaacha kazi ya serikali, akaacha mshahara wa uhakika, akaingia TANU waziwazi. Mwisho wa mwaka huo Dar es Salaam iliona migomo mikubwa ya wafanyakazi. Wapagazi wa bandarini, watumishi wa majumbani na wa mahoteli, wale wale waliotoka shamba na mzigo kichwani, sasa walikuwa na chama na walikuwa na msemaji.

Unaona mzunguko wake, ndugu msikilizaji? Serikali ilimlipa kijana ili asimame mbele ya umati jioni, ashike kipaza sauti, aseme Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa, amwonyeshe mtu wa kawaida maisha yake mwenyewe. Ilimfundisha kazi hiyo vizuri. Kisha yeye akaenda na ujuzi huo huo kusimama mbele ya umati ule ule, ila ujumbe ulikuwa mwingine. Alipowaambia wafanyakazi kwamba mji ni wao pia, walikuwa wanamsikiliza mtu ambaye uso wake wengine walishauona ukiwa mkubwa kama nyumba.

Sidai kwamba filamu ndizo zilizomfanya kiongozi. Waigizaji ni wengi na mawaziri wakuu ni wachache. Kilichomfanya kiongozi ni bidii, uaminifu na ujasiri. Ninachosema ni kwamba uigizaji haukumharibu, na kwamba mtu anayejifunza kuvaa viatu vya mkulima mbele ya watu, akavivaa sawasawa hadi mkulima mwenyewe akacheka, amejifunza kitu ambacho hakifundishwi katika ofisi.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Januari, 1962, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaijenge TANU, na akamkabidhi Kawawa nchi. Alikuwa na umri wa miaka 35. Aliongoza serikali mpaka nchi ilipokuwa jamhuri mwezi Desemba mwaka huo, kisha akawa Makamu wa Rais. Kuanzia mwaka 1964 alikuwa Makamu wa Pili wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na kuanzia mwaka 1972 hadi 1977 akawa Waziri Mkuu tena.

Watu hupenda kutaja Marekani kwamba ndiko mwigizaji alikopanda akawa mkuu wa nchi. Ni kweli, Ronald Reagan alianza kuonekana katika filamu mwaka 1937, na kama Kawawa alipitia katika uongozi wa chama cha wafanyakazi, maana alikuwa rais wa chama cha waigizaji kuanzia mwaka 1947. Lakini alipata ugavana wa California mwaka 1967, na urais mwaka 1981. Kule India, M. G. Ramachandran, nyota mkubwa wa filamu za Kitamil, akawa waziri kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1977. Sisi tulikuwa na mwigizaji wa sinema akiongoza serikali mwaka 1962. Tuliwatangulia wote wawili, na wala hatujisifu. Naona tumesahau tu.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili, maana mtu mkubwa hapungui kwa kusemwa ukweli. Mwaka huo huo wa 1962, serikali aliyoiongoza kiongozi huyu wa wafanyakazi ndiyo iliyopitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyofanya kugoma kuwe karibu haiwezekani. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka huo pia. Mwaka 1964 TFL yenyewe ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kimoja cha NUTA chini ya serikali. Na kati ya mwaka 1973 na 1976, yeye akiwa Waziri Mkuu, ndipo mamilioni ya wananchi walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu. Nia ilikuwa tofauti na ya mkoloni, na viongozi wale walikuwa wanajenga nchi changa yenye hofu nyingi. Hata hivyo, mkulima aliyepandishwa lori na vyombo vyake huenda alikumbuka kwamba maneno ya kuambiwa mahali pa kukaa alikwisha kuyasikia zamani, mbele ya shuka jeupe. Kuna nyakati mtu hubadilishiwa upande wa jukwaa bila mwenyewe kuhisi.

Mzee Kawawa alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2009, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa shambani kwake Madale. Taifa lilimlilia, na vyeo vyake vyote vilisomwa. Muhogo Mchungu alitajwa kwa nadra, kama kituko cha ujana.

Nadhani hapo ndipo tunapokosea. Tukimwondolea mtu sehemu ya maisha yake kwa kuwa tunaiona ndogo, tunawaambia watoto wetu kwamba kazi hiyo ni aibu. Tunaifuta huku vijana wetu wameshaijenga upya kwa mikono yao. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za Kiswahili zilianza kuuzwa katika kila soko la nchi hii. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, jirani zetu, alipofariki mwezi Aprili mwaka 2012, umati uliomzika Dar es Salaam ulikuwa wa namna ambayo viongozi wengi hawaipati. Vijana wale wengi hawakujua kwamba miaka 60 kabla yao njia ilikuwa imeshafyekwa.

Tena kumbukumbu ya filamu haijilindi yenyewe. Tepu za filamu za zamani huharibika kwa joto na unyevu. Hujikunja, hunuka kama siki, kisha picha hupotea. Kumbukumbu nyingine ni ile iliyo vichwani mwa wazee. Kama wewe ni mzee uliyeketi mbele ya gari la sinema miaka ile, waite wajukuu uwasimulie ulichokiona. Na wewe kijana mwenye simu, acha kuchekesha watu kidogo, mrekodi babu yako.

Narudi kwa jirani yangu. Nilipomaliza, mama alikaa kimya, kisha akauliza swali la mama: "Sasa mzee, huyo Kawawa alikula kwa sinema?"

Nikamjibu kwa haki: "Hapana mama. Alikula kwa mshahara wa serikali. Alikuwa amesoma kwanza, tena katika shule ngumu kuliko zote."

Hapo kijana akainua uso. Nikamgeukia yeye: "Umesikia, mjukuu wangu? Kawawa alipopewa maneno ya kusema aliweza kuyasoma, na alipofika wakati wa kusema maneno yake mwenyewe alikuwa nayo. Daftari ndizo zilizompa maneno hayo. Ukizifunga, utabaki kuwa mtu wa kusema maneno ya wengine maisha yako yote."

Wakakubaliana mbele yangu: masomo kwanza mpaka saa mbili usiku, mazoezi ya mchezo mara mbili kwa wiki, na matokeo ya muhula yakishuka, mchezo unasimama. Mama akasimama kuaga. Mlangoni akageuka akamuuliza mwanawe, kwa sauti ya chini kidogo, atakuwa nani katika mchezo huo. Kijana akasema ataigiza mkulima anayekwenda mjini kudai bei ya tumbaku yake.

Mchezo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mama ameniomba nimwekee kiti karibu nami.

Ndugu msikilizaji, tuonane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.